Mafundo ya Ubik: Jinsi Msuko Unavyomtega Msomaji Makini

Riwaya ya Ubik ya mwandishi wa Marekani Philip K. Dick, iliyochapishwa mwaka 1969, ina tabia isiyo ya kawaida hata miongoni mwa bunilizi za kisayansi, yaani kazi za kubuni ambazo matukio yake hujengwa juu ya sayansi au teknolojia ambayo bado haijapatikana: msomaji anayeisoma kwa makini huimaliza akiwa na maswali mengi kuliko yule aliyeipitia harakaharaka. Ni nani hasa waliokufa katika mlipuko uliotokea Mwezini? Kwa nini vitu vinarudi nyuma kuelekea mwaka 1939, ilhali watu hawarudi utotoni bali wanakauka na kufa? Na sarafu inayoonekana katika ukurasa wa mwisho inathibitisha nini? Wako wasomaji waliohitimisha kwamba mwandishi alishindwa kuudhibiti msuko wake, na wako walioamini kwamba upo ufunguo mmoja ambao, ukipatikana, utafungua kila kitu. Mahitimisho yote mawili yanaupuuza ufundi uliotumika, kwa kuwa mkanganyo wa riwaya hii si wa aina moja. Yapo mafundo yanayofunguka kwa ushahidi uliomo ndani ya matini, zipo njia za uongo zilizotandazwa kwa makusudi, upo uzembe wa hapa na pale, na lipo fundo moja ambalo limefungwa ili lisifunguke.

Ili mafundo hayo yaeleweke, ni lazima kwanza zifahamike kanuni za ulimwengu ambamo hadithi inatokea. Matukio yamewekwa mwaka 1992, ambao kwa msomaji wa mwaka 1969 ulikuwa wakati ujao, na katika ulimwengu huo binadamu wamekwisha kufika na kufanya shughuli Mwezini, milango ya nyumba hudai sarafu kabla ya kufunguka, na kampuni za biashara huajiri watu wenye vipawa vya akili. Baadhi yao husoma mawazo ya wengine na baadhi huona mambo yajayo, na kwa sababu vipawa hivyo vinatumika katika ujasusi wa kibiashara, limezuka kundi la tatu, la wabatilishaji, ambao uwepo wao huzima nguvu za makundi mawili ya kwanza. Glen Runciter ni mmiliki wa kampuni inayokodisha wabatilishaji, mpinzani wake mkuu ni Ray Hollis, na Joe Chip, mhusika anayebeba sehemu kubwa ya hadithi, ni fundi wa Runciter anayepima ukubwa wa vipawa, hodari wa kazi lakini asiyekaa na senti mfukoni.

Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya nusu-uhai. Katika ulimwengu wa Ubik, mtu anayefariki huweza kuhifadhiwa katika baridi kali kabla ubongo wake haujazimika kabisa, na ndugu zake wakaendelea kuzungumza naye kwa vifaa vya mawasiliano, ingawa kila mazungumzo hupunguza akiba ndogo ya uhai iliyosalia. Ella, mke wa Runciter aliyefariki akiwa bado msichana, amehifadhiwa kwa namna hiyo katika jengo maalumu mjini Zürich, na mumewe humwendea kila kampuni inapokabiliwa na uamuzi mgumu.

Msuko wenyewe unaweza kuelezwa kwa ufupi. Tajiri Stanton Mick anaomba huduma ya wabatilishaji Mwezini, na Runciter anakwenda huko pamoja na Joe Chip na wabatilishaji 11, kumbe mwenyeji wao si mtu bali ni bomu lenye umbo la mtu, ambalo linaelea hadi darini na kulipuka. Runciter anaonekana kuuawa huku wenzake wakisalimika, nao wanamweka katika baridi na kumkimbiza Zürich. Tangu hapo mambo yanaharibika: sigara zinasagika mkononi kwa ukavu, kitabu cha simu kinakuwa cha zamani, sarafu zinakataliwa kwa kuwa zimekwisha kuondolewa katika mzunguko, na mbatilishaji Wendy Wright anakutwa ndani ya kabati la hoteli akiwa amekauka kama maiti ya miaka mingi. Wakati huohuo ishara za Runciter zinaanza kujitokeza kila upande, kuanzia uso wake katika sarafu, sauti yake katika simu na barua yake ndani ya pakiti ya sigara, hadi maandishi katika ukuta wa choo yanayodai kwamba yeye ndiye aliye hai na kwamba wao ndio waliokufa.

Ufundi wa kwanza unaostahili kuchunguzwa ni ule wa nukta ya mtazamo, yaani mahali anaposimama msimulizi anapoyatazama matukio. Riwaya inasimuliwa katika nafsi ya tatu, na wasomaji wengi wamezoea kuihusisha nafsi hiyo na msimulizi mjuzi wa yote, ambaye neno lake halipingwi. Katika sura za mwanzo Dick anayathibitisha mazoea hayo, kwa sababu msimulizi anahama kwa uhuru kutoka ofisi ya Runciter mjini New York hadi kwa msimamizi wa jengo la Zürich, na kutoka hapo hadi chumbani kwa Joe Chip. Baada ya mlipuko uhuru huo unapungua bila tangazo lolote, na usimulizi unabanwa kwa kiasi kikubwa katika fahamu za wale wanaodhaniwa kuwa wamesalimika, hasa Joe Chip na, kwa muda, mwenzake Al Hammond. Sarufi inabaki ileile huku upeo wa maarifa ukiwa umebadilika, na msomaji anaendelea kupokea dhana za wahusika kana kwamba ni taarifa za msimulizi. Kauli kwamba Runciter amekufa inatokana na hukumu ya Joe na wenzake waliomwona ameanguka. Msomaji anayekwenda kinyume cha mazoea, akajiuliza ni kwa nini msimulizi amebaki na kundi moja na kuliacha jingine, atakuwa amepata ushahidi wa mapema kwamba kundi analofuatana nalo ndilo lililoingia katika nusu-uhai.

Ufundi wa pili ni wa kuificha sheria ndani ya kichekesho. Katika ziara ya Runciter kwa mkewe, kabla ya safari ya Mwezini, mazungumzo yao yanavamiwa na sauti ya kijana anayeitwa Jory, ambaye naye amehifadhiwa karibu na Ella, na msimamizi anaeleza kwamba ukaribu wa muda mrefu husababisha fahamu za waliohifadhiwa kuingiliana, na kwamba fahamu yenye nguvu huweza kuifunika iliyo dhaifu. Hiyo ndiyo sheria inayokuja kueleza vifo vyote vya baadaye, lakini inatolewa katikati ya ugomvi wa mteja mkali na msimamizi mwenye wasiwasi, hivyo msomaji anaipokea kama dosari ya huduma na kuipita akicheka. Wahakiki huita mbinu ya namna hii kiangaza mbele, yaani taarifa inayotangulia tukio ambalo itakuja kulieleza, na ubora wake hapa unatokana na kwamba haikufichwa hata kidogo: imewekwa hadharani, ila mahali ambapo msomaji hajajiandaa kutafuta sheria.

Kwa kutumia vidokezo hivyo viwili, fundo la kwanza linafunguka. Waliokufa ni Joe Chip na wabatilishaji waliokuwa pamoja naye, Runciter ndiye aliyesalimika, na ishara zake ni juhudi za mtu aliyekaa nje, katika jengo la Zürich, akijaribu kuzungumza na wafanyakazi wake waliohifadhiwa. Riwaya yenyewe inalitamka jibu hilo katika sura zinazokaribia mwisho, kwa kinywa cha Runciter.

Fundo la pili linahusu kurudi nyuma kwa vitu, na hapa uchunguzi unapaswa kuwa wa polepole, kwa sababu matini inachanganya sheria mbili. Sheria ya kwanza ni ya kuchakaa: sigara zinakauka, na kinasa sauti kinachonunuliwa kikiwa kipya kinakutwa kimelika kama kilichotumika kwa miaka mingi. Sheria ya pili ni ya kurudia umbo lililotangulia: televisheni haiozi wala haigeuki plastiki na vyuma vilivyoiunda, bali inakuwa redio ya zamani, na vyombo vya usafiri vinarudi hadi kwenye gari na ndege za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Joe mwenyewe anamkumbuka Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyefundisha kwamba nyuma ya kila kitu kinachoonekana lipo umbo la kudumu, naye anakisia kwamba maumbo ya zamani yanaendelea kuishi kwa siri ndani ya yale yaliyoyarithi. Sheria hizi mbili hazilingani, kwa sababu kitu kinachochakaa kinakwenda mbele katika umri wake huku kitu kinachorudia umbo la awali kikirudi nyuma katika historia ya aina yake, na riwaya haielezi ni kwa nini ya kwanza inaipisha ya pili. Inachotoa ni maana ya jumla, kwamba ulimwengu wa nusu-uhai unashikiliwa na nguvu za fahamu tu, na nguvu hizo zinapopungua ulimwengu huo hauwezi kudumisha sura yake ya mwaka 1992.

Hata hivyo, ndani ya fundo hilo mwandishi ameweka tofauti moja iliyo sahihi kabisa. Vitu vinarudi nyuma lakini watu hawarudi: hakuna mhusika anayekuwa kijana kadiri miaka inavyorejea kuelekea 1939, na wanaokufa wanatanguliwa na baridi na uchovu mzito, kisha miili yao inakauka. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba kinachowaua watu si kilekile kinachovigeuza vitu, hata kama mambo hayo mawili yanatokea kwa pamoja. Mharibifu wa watu ni Jory, kijana aliyetajwa katika kichekesho cha mwanzoni, ambaye hurefusha nusu-uhai wake kwa kula mabaki ya uhai wa wengine. Msomaji aliyetambua mapema kwamba kuna visababishi viwili alikuwa na uwezo wa kumtafuta mla watu kabla hajajitokeza, ingawa wahusika wenyewe, wakiwa katika hofu na uchovu, wanavifunga visababishi hivyo katika furushi moja.

Hapo ndipo njia kuu ya uongo inapotandazwa. Pat Conley, msichana aliyeajiriwa muda mfupi kabla ya safari, ana kipawa cha kubadilisha yaliyopita ili yaliyopo yawe mengine, na Joe alipompima aliandika alama ya siri ya kuonya kwamba msichana huyo ni hatari kwa kampuni. Ulimwengu unapoanza kurudi nyuma, ni jambo la kawaida kwa Joe na kwa msomaji kumshuku yeye, na Pat mwenyewe anajitwika sifa hiyo wakati Joe anapojikongoja juu ya ngazi za hoteli mjini Des Moines, huku uhai ukimtoka na msichana huyo akimtazama kwa dhihaka. Lakini matini ilikwisha kutoa kipimo cha kumwondolea shaka. Pat anapokionyesha kipawa chake ofisini kwa Runciter, hali nzima inabadilika kwa mkupuo, pamoja na kumbukumbu za waliohudhuria, kiasi kwamba Joe anajikuta ana mke ambaye dakika chache kabla hakuwa naye, na kinachobaki ni mwangwi hafifu wa hali iliyofutwa. Mambo yanayotokea baada ya mlipuko ni kinyume cha hayo: vitu vinabadilika kidogokidogo, huku kumbukumbu za wahusika zikibaki timamu, na Joe anajua wazi kwamba televisheni yake haikuwa redio. Aliyeilinganisha mifano hiyo miwili angejua kwamba Pat anajigamba kwa kazi isiyo yake, na kwamba naye ni marehemu asiyejua hali yake.

Mfano wa Pat unafichua kanuni inayoongoza riwaya nzima. Ubik imejengwa kama mlolongo wa maelezo, ambapo kila maelezo yanayafuta yaliyotangulia na yanatolewa kwa uhakika mkubwa na mhusika ambaye ama ana maslahi ama hajui mambo yote. Joe anaeleza kwamba Runciter amekufa. Pat anadai kwamba yeye ndiye chanzo cha maangamizi. Runciter anatokea katika chumba cha hoteli na kueleza kwamba wote wamekufa isipokuwa yeye, lakini Joe anapomuuliza maswali ya ndani zaidi anatambua kwamba bosi wake naye anabahatisha. Jory, aliyekuwa amejificha katika sura ya mmoja wa wabatilishaji, anajitokeza na kudai kwamba ulimwengu wa mwaka 1939 ni kazi ya mikono yake. Mwishowe Ella anakutana na Joe barabarani na kumweleza kwamba Ubik, dawa ya kupulizia inayozuia uharibifu, ilibuniwa na yeye pamoja na wengine walio katika nusu-uhai ili kujikinga na Jory. Kila ngazi inampa msomaji faraja kwamba sasa amefika, na kwa kuwa kila maelezo mapya yanaeleza mambo mengi kuliko yale ya awali, msomaji anajifunza bila kujua kuyaamini yaliyokuja mwisho.

Dawa yenyewe imesukwa kwa uangalifu kama huo. Inapatikana katika kopo la kupulizia, lakini nayo inarudi nyuma pamoja na vitu vingine hadi ikawa dawa ya kienyeji ya miaka iliyopita isiyo na nguvu yoyote, na kwa njia hiyo mwandishi anazuia suluhisho la mkato, kwa sababu tiba iko chini ya sheria ileile inayopambana nayo. Aidha, kila sura inatanguliwa na epigrafu, yaani maneno mafupi yanayowekwa juu ya matini, na epigrafu hizo ni matangazo ya biashara ambayo yanaitaja Ubik mara kama gari, mara kama bia, mara kama kahawa au wembe. Wasomaji wengi huyachukulia kama kejeli dhidi ya ulimwengu wa matangazo, na kweli ni kejeli, lakini yana kazi ya kimuundo pia: hayatoki kwa mhusika yeyote, hivyo yanaashiria kuwapo kwa sauti ambayo si ya Joe, wala ya Runciter, wala ya Jory. Katika sura ya 17, ambayo ndiyo ya mwisho, sauti hiyo inaacha kuuza bidhaa na kujitambulisha kuwa iliyoumba malimwengu. Maelezo ya Ella kwamba Ubik ni uvumbuzi wa marehemu wachache yanapata mpinzani, na mpinzani huyo amewekwa nje ya hadithi, mahali ambapo wahusika hawawezi kumsikia.

Baada ya hayo linakuja fundo la mwisho. Usimulizi unarudi nje ya nusu-uhai, kwa Runciter, ambaye anatoa sarafu ili kumtuza mhudumu wa jengo la Zürich, kisha anagundua kwamba sarafu hizo zina uso wa Joe Chip. Jibu linalotolewa na wasomaji wengi ni kwamba Runciter naye amekufa. Jibu hilo linatokana na kanuni iliyotangulia: ikiwa sarafu zenye uso wa Runciter zilithibitisha kwamba Runciter yuko nje, sarafu zenye uso wa Joe zinathibitisha kwamba Joe yuko nje na Runciter yuko ndani. Likifuatwa hadi mwisho, hata hivyo, jibu hilo linabomoa yaliyokwisha kujengwa, kwa kuwa Joe aliye hai hawezi kuliwa na Jory, wala hahitaji Ubik. Jibu la pili, kwamba wote wawili wamekufa, linamwokoa Jory lakini linaziacha ishara za Runciter bila chanzo, maana nguvu ya ishara hizo ilikuwa ni kutoka kwa mtu aliye hai. Jibu la tatu linasema kwamba Joe, aliyechukua nafasi ya Ella kama mshauri na kupata nguvu kwa Ubik, ameanza kupenya katika ulimwengu wa walio hai kama Runciter alivyopenya katika ulimwengu wa wafu. Jibu hili ndilo linalohifadhi mambo mengi zaidi ya matini, lakini gharama yake ni kubwa kuliko zote: likikubaliwa, mpaka kati ya walio hai na wafu haupo tena, na tofauti iliyolifungua fundo la kwanza inapoteza maana.

Majibu hayo matatu yanavunja, kila moja, nguzo tofauti ya riwaya, na ulinganifu huo haufanani na bahati mbaya. Mwandishi wa Poland Stanisław Lem, aliyeandika riwaya ya Solaris na kuchapisha mwaka 1975 makala ya kumtetea Dick, alionya kwamba matukio ya riwaya hizi hayapaswi kulazimishwa yapatane kama vipengele vya kesi ya upelelezi, kwa sababu uzito wake uko katika swali linaloulizwa na kazi nzima. Onyo hilo ni la haki, lakini linahitaji kuwekewa mpaka, kwa kuwa sehemu kubwa ya Ubik inapatana vizuri sana, na ni upatanifu huo unaoipa sarafu ya mwisho makali yake. Kama kila kitu kingekuwa holela tangu mwanzo, sarafu moja zaidi isingemshangaza yeyote.

Haki inadai pia kwamba makosa ya kweli yasipewe heshima ya ufundi. Mchanganyiko wa kuchakaa na kurudia maumbo ya zamani haukupatiwa sababu. Wabatilishaji 11 wanatambulishwa kwa pamoja, na wengi wao hawatofautiani isipokuwa kwa majina na mavazi, hivyo vifo vyao vinapita bila msomaji kumkumbuka marehemu. Vita vya kibiashara kati ya Runciter na Hollis, ambavyo ndivyo vilivyoianzisha hadithi, vinaachwa njiani mara tu nusu-uhai unapotawala. Hayo ni mapengo ya kawaida ya riwaya iliyobadili mwelekeo katikati, na hayana siri yoyote nyuma yake.

Sarafu ya Joe Chip haimo katika orodha hiyo. Kazi yake ni kumwondolea msomaji shahidi wa mwisho aliyekuwa akimtegemea, baada ya kurasa nyingi za kumzoeza kwamba maelezo yanayokuja mwisho ndiyo ya kweli, na anayefunga kitabu akitangaza kwa uhakika kwamba Runciter amekufa anarudia kosa alilolifanya Joe Chip alipomwamini Pat. Msomaji wa Ubik anashauriwa basi ayafungue mafundo yanayofunguka kwa ushahidi, ayataje mapengo kwa jina lake, na katika ukurasa wa mwisho asitoe hukumu ambayo riwaya yenyewe imekataa kuitoa.